Nani Kasema Tanga ni la Wazungu?

Miaka michache iliyopita nilialikwa katika kikao cha wadau wa michezo. Mimi si mwanamichezo. Katika wilaya zetu hizi mwalimu mstaafu hualikwa kila panapohitajika mtu wa kujaza kiti cha mbele na kufunga kikao kwa sala. Tulijadili jezi, tukajadili nyavu za magoli, tukajadili kwa kirefu nani aliyekula nauli ya timu ya netiboli, na saa saba ilipokaribia tukafika kwenye Mengineyo. Hapo nikanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "watoto wa Mikindani, Msimbati na Lindi wanakulia ndani ya ngalawa. Katika Olimpiki yamekuwapo mashindano ya mashua za matanga tangu mwaka 1900. Je, tuna mpango gani wa kuwaandaa watoto hao?"

Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti, ambaye kwa umri ni kama mwanangu na ni mtu mwema, alinijibu kwa adabu zote: "Mzee wetu, shikamoo tena. Huo ni mchezo wa Wazungu, tena Wazungu matajiri. Na wewe mwenyewe mzee wangu unatoka Lulindi. Lulindi bahari iko wapi?" Wakacheka mara ya pili, kikao kikafungwa, tukaenda kula pilau.

Pilau ile haikunishuka vizuri. Nilirudi nyumbani nikiwa na majibu yote kichwani, kama ilivyo desturi ya majibu kuja mtu akiwa tayari ndani ya basi. Nayaandika hapa.

Nianze na Lulindi, kwa kuwa ndiyo iliyochekesha zaidi. Ni kweli, Lulindi haina bahari. Ipo kati ya Masasi na Newala, na enzi zetu kwenda Mtwara kuyaona maji ya chumvi ilikuwa safari ya siku nzima juu ya magunia ya korosho. Maji yenyewe ya kunywa yametutesa tangu zamani. Juu kwenye uwanda wa Makonde mvua hunyesha ikazama mchangani mara moja, na mama zetu walishuka mabondeni usiku wa manane, wakapanda mlima tena na mtungi kichwani, ili watoto wapate uji. Mtoto aliyelelewa hivyo, ambaye kuoga kwake ni kopo moja la maji jioni, unamwambia ajifunze kuogelea? Atakuona una wazimu, na hatakuwa amekosea sana.

Tena sisi wa huku tunayo sababu nyingine ya kuiogopa bahari, nasi hatupendi kuisema. Njia za watumwa zilipita katika nchi hii zikishuka Kilwa na Lindi, na aliyepelekwa pwani hakurudi. Askofu Steere alipofika Masasi mwaka 1876 na watu walioachwa huru kutoka Zanzibar, akawaweka hapo, aliwaleta watu ambao bahari ilikwisha kuwameza mara moja na ikawatema kwa bahati. Baadhi yetu ni wajukuu zao. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuiona bahari mpaka anakufa, lakini alilitumia neno "pwani" kumnyamazisha mtoto anayelia, kama watu wengine wanavyomtaja fisi.

Na mimi binafsi ninayo ya tatu. Mdogo wangu alizama katika mto Ruvuma mwaka 1968, walipokwenda kuvua yeye na wenzake wawili na mtumbwi ukapinduka. Alikuwa na miaka kumi na minne. Hawakuwa mbali na ukingo. Mmoja wa wale waliopona, ambaye sasa ni mzee kama mimi, hadi leo hupima umbali ule kwa kunionyesha mti fulani na ukuta wa nyumba yangu: hatua zisizozidi ishirini. Sisi ndugu zake hatukujua kuogelea, baba hakujua, na mimi mwalimu wa watu nimeingia uzeeni sijui.

Kwa hiyo mtu asidhani nazungumza habari za maji kwa kuwa nayapenda. Nazungumza kwa kuwa yametudai sana, nasi tumekaa tu.

Turudi kwenye kicheko. Je, nchi isiyo na bahari inaweza kutoa nahodha wa Olimpiki? Mwaka 1960, Olimpiki ilipofanyika Rome, mashindano ya matanga yalikuwa Naples, na katika mashua za aina ya Flying Dutchman vijana wawili kutoka Rhodesia, David Butler na Christopher Bevan, walimaliza wa nne. Rhodesia! Nchi ambayo kuiona bahari lazima uombe ruhusa ya kupita kwa jirani. Uswisi, nchi ya milima na ng'ombe, mwaka 2003 ililibeba Kombe la Amerika, ambalo ndilo kombe la matanga lenye kiburi kuliko yote. Austria nayo haina hata kipande cha pwani, lakini Roman Hagara na mwenzake Hans-Peter Steinacher walitwaa dhahabu mwaka 2000, wakarudia mwaka 2004. Na mwaka 2024, mashindano yalipofanyika Marseille, Waaustria wengine wawili, Lara Vadlau na Lukas Mähr, wakachukua dhahabu nyingine. Walijifunzia kwenye maziwa. Tanzania ina Ziwa Viktoria, Tanganyika na Nyasa, na juu ya hayo ina pwani kutoka Tanga hadi Msimbati. Kama ni suala la maji, basi sisi tuna maji ya kuwaazima Waaustria.

Najua utakachosema, ndugu msomaji: hao uliowataja wote ni Wazungu. Ni kweli. Hata Kenya, iliyokuwapo kule Naples mwaka 1960, iliwakilishwa na masetla. Mwenyekiti wangu angeweza kunifunga goli hapo kama angalijua historia.

Lakini simama Shimo la Mungu pale Newala uangalie kusini. Unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya pili unaiona Msumbiji. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyoahirishwa kwa sababu ya UVIKO hadi mwaka 2021, Msumbiji ilipeleka wasichana watatu katika matanga. Denise Parruque na Maria Machava walikuwa katika mashua moja ya aina ya 470. Deizy Nhaquile, binti wa Maputo, alikuwa peke yake katika Laser Radial, na mwaka 2024 akaenda tena Marseille. Hawakushinda medali, na sisemi walishinda. Nasema hivi: nchi iliyopigana vita vya ukombozi, kisha ikaunguzwa kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi mwaka 1992, ambayo watu wake walivuka mto huu wakakaa kwetu kama wakimbizi, sisi tukiwagawia mihogo, imewakalisha mabinti weusi kwenye usukani mbele ya dunia. Shelisheli, ambayo watu wake wote hawafikii hata wa wilaya zetu mbili tukizijumlisha, ilimpeleka Rodney Govinden Rio mwaka 2016 na Tokyo baada yake. Sasa mnicheke tena.

Na hili la utajiri nalo lina historia ambayo wakubwa hawaijui. Chombo wanachoanzia watoto karibu dunia nzima kinaitwa Optimist. Ni kisanduku cha urefu wa mita 2.3, pua yake imekatwa butu kama hori la kulishia ng'ombe, na kina tanga moja dogo. Alikibuni Mmarekani mmoja fundi wa mashua, Clark Mills, mwaka 1947, katika mji wa Clearwater kule Florida. Aliombwa abuni chombo ambacho mzazi wa kawaida anaweza kukikata kwa plaiwudi katika banda la nyuma ya nyumba, kwa gharama isiyozidi dola 50, na wafanyabiashara wa mji wakachangia. Pua ile butu haikutokana na urembo. Plaiwudi ilikuwa na urefu wake, na fundi alikatia pale ilipoishia. Huo ndio mchezo wa matajiri tunaoambiwa. Ulianza kwa fundi seremala na michango ya wenye maduka. Ben Ainslie wa Uingereza, mwenye dhahabu nne za Olimpiki, alianza utotoni katika kisanduku hicho hicho.

Siku hizi vinatengenezwa kwa faibaglasi na bei yake imepanda, sibishi. Lakini Mikindani, Kilwa, Mafia na Nungwi wapo mafundi wanaounda mashua nzima bila ramani, kwa shoka, keekee na jicho. Mtu anayeweza kuupinda ubao wa mvule ukakubali kuwa ubavu wa jahazi, atashindwa na sanduku la plaiwudi? Kwa mashindano ya kimataifa chombo lazima kipimwe na kiwe cha kiwango. Kwa kumfundishia mtoto wa miaka minane, plaiwudi inatosha sana.

Na sasa niseme mtoto huyo anavyokuzwa, maana katika kikao kile nilitambua kwamba wengi walifikiri mtu huamka asubuhi akapanda mashua akaenda Olimpiki. Huanza na miaka saba au minane. Kwanza anaogelea; asiyeogelea hagusi tanga. Anakaa kwenye Optimist mpaka miaka kumi na tano, ndio mwisho wa umri wake. Halafu anahamia chombo kinachoitwa Laser, ambacho tangu mwaka 2019 jina lake rasmi limekuwa ILCA. Hapo pana jambo la busara ambalo sisi maskini tungepaswa kulishangilia: bodi ni ile ile moja, kinachobadilika ni mlingoti na tanga. Kijana mwepesi anapewa tanga la mita za mraba 4.7, akikua anapewa lililo karibu na 6, ambalo ndilo la wanawake wa Olimpiki, na mwanamume mzito anapewa la mita 7. Chombo kimoja kinaweza kumlea mtu tangu utineja hadi anapooa. Toka mwanzo hadi kiwango cha Olimpiki ni miaka kumi au zaidi, kila wiki majini, kusi na kaskazi. Hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana mpango wa kuunda timu miezi minne kabla ya michezo, kama tulivyozoea, ni kujidanganya.

Je, mtoto wa ngalawa ameshaijua kazi nusu? Hapa naomba nisiwe mwongo kwa sababu ya mapenzi. Mambo fulani anayajua kuliko mtoto yeyote wa mjini. Anajua umande wa alfajiri unakufa saa ngapi. Anaijua bamvua na maji mafu, anajua mkondo wa lango la ghuba unavuta kwenda wapi maji yakipwa, na huona upepo ukija juu ya maji kabla haujamfikia, kwa rangi tu. Mwalimu wa Ulaya hutumia miaka kumfundisha mtoto jicho hilo. Lakini tanga la ngalawa lina foromali, na kuligeuza kutoka upande huu kwenda upande wa pili ni kazi ya watu wawili na kelele. Kwa hiyo wavuvi wetu hupenda kungoja upepo mwema. Mashindano ya Olimpiki huanza kwa kubisha. Mstari wa kuanzia umewekwa ili boya la kwanza liwe kule kule upepo unakotoka, na nahodha lazima abishe huku na huku kama mtu anayepanda mlima kwa njia ya mapindi, akiwa ameninginia nje ya chombo upande wa joshi, tumbo na mapaja yakiungua. Hilo mtoto wa Mikindani atajifunza upya. Atajifunza na sheria: chombo ambacho upepo unakipiga kutoka upande wa kulia kina haki ya njia juu ya chenye upepo wa kushoto, na wengine kadha wa kadha. Aliyekosewa hupeleka malalamiko, na jioni huketi baraza, mashahidi wakaitwa, kesi ikasikilizwa. Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu. Mchezo wenye kesi! Watu wa kwetu tunaopelekana barazani kwa sababu ya mkorosho mmoja tungekosaje kuuweza?

Nisimulie la kijana mmoja, maana bila yeye nisingekuwa na ujasiri wa kunyoosha mkono.

Katika miaka ya themanini nilifundisha shule ya msingi karibu na ghuba ya Mikindani. Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la sita, mtoro sugu. Alikuwa akienda baharini na babu yake. Nilimchapa, nasema wazi, nilimchapa zaidi ya mara moja, nikimwambia bahari haina cheti. Sasa ikatokea Mzungu mmoja na familia yake, wasafiri wa dunia, wakatia nanga ghubani wiki tatu wakitengeneza usukani. Walikuwa na kimashua kidogo cha tanga ambacho mwana wao, kijana wa miaka kama kumi na mitano, alikuwa akichezea jioni. Baada ya siku mbili mtoro wangu alikuwa ndani yake. Baada ya wiki moja nilikuta nusu ya darasa langu wamekaa ufukweni. Vijana wale wawili walikuwa wakishindana kwa zamu, kila mmoja akizunguka mashua tatu zilizotia nanga, na yule Mzungu akihesabu kwa saa. Mtoro alikuwa mwepesi zaidi. Si mara moja; jioni baada ya jioni.

Yule baba akanifuata nyumbani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na Kiingereza changu cha kitabuni, lakini tulielewana. Aliniambia amekuwa akifundisha watoto mchezo huu kwao, na kwamba kijana huyu anauhisi upepo shingoni. Akaniuliza: "Mwalimu, hapa nimpeleke kwa nani?"

Swali hilo silisahau. Nilimwambia nitaandika barua. Niliandika, kwa mwandiko wangu bora, kwa ofisi iliyohusika na michezo. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, wageni wameshaondoka, likisema mchezo uliotajwa haumo katika orodha ya michezo ya shule, na likanikumbusha kwamba wajibu wa mwalimu ni kudhibiti utoro. Nikaikunja barua ile. Na hapa lawama inanirudia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na njia nyingine na sikuzitumia. Sikuandika tena. Sikwenda Dar es Salaam kuuliza. Nilirudi kudhibiti utoro.

Kijana yule leo ni mtu mzima, ana pikipiki ya abiria pale Mtwara mjini. Hana shida, ana mke na watoto. Mara ya mwisho alinibeba kutoka stendi akakataa nauli. Tulipofika kona ya kuelekea ufukweni alipunguza mwendo, akatazama maji kwa sekunde chache, akasema, "Mwalimu, kusi inaingia leo, itakuwa kali baada ya adhuhuri." Ikawa kali baada ya adhuhuri.

Tanzania ilianza kushiriki Olimpiki mwaka 1964. Tangu hapo mpaka Paris mwaka 2024 tumepata medali mbili, zote za fedha, zote mwaka 1980 kule Moscow, zote za mbio: Filbert Bayi katika kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Nawaheshimu sana, na namheshimu Alphonce Simbu aliyetupatia dhahabu ya dunia ya marathoni huko Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho. Lakini tazama hesabu. Katika riadha Mtanzania anashindana na Mkenya, Mwethiopia na Mganda, yaani anashindana na dunia nzima tangu anapotoka mlangoni kwake. Katika matanga, bara la Afrika limekuwa likitengewa nafasi zake za kufuzu katika chombo cha mtu mmoja, wanaume kwa wanawake, na wanaozigombania kwa nguvu ni nchi chache: za kaskazini, Afrika Kusini, visiwa, na sasa jirani zetu Msumbiji. Shirikisho la dunia la mchezo huu lina mpango wa kuzisaidia nchi changa, wa makocha na mafunzo. Mlango umeachwa wazi kidogo. Sisi tumesimama nje tunacheka kwamba nyumba ni ya Wazungu.

Wataniambia fedha hakuna. Chombo kipya cha ILCA kina bei ya pikipiki kadhaa. Shangingi moja, lile linalomleta mgeni rasmi kuja kufungua mashindano ya mpira kwa dakika arobaini na kurudi, thamani yake ingenunua Optimist za darasa zima na makoti ya kuokolea juu yake. Sisemi viongozi watembee kwa miguu. Nasema tuache kutumia neno "hakuna" mahali ambapo neno sahihi ni "hatutaki".

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba wageni wameshaigundua thamani ya tulichokidharau. Wapo wanaolipa fedha nyingi kuja kwenye pwani yetu kushindana kwa ngalawa, wakipinduka, wakichunwa na matumbawe, wakirudi kwao kusimulia kwamba ndio safari kuu ya maisha yao. Lamu wanayo mashindano yao ya mashua, na nahodha anayeshinda hutembea mjini kama bwana arusi. Sisi huku kusini tuna UMITASHUMTA na UMISSETA, na katika miaka yangu yote ya kusindikiza watoto sijapata kuona tanga, wala hata mtoto akipimwa kama anajua kuogelea.

Na hata kama asifike mtu Olimpiki? Swali hili aliniuliza padri mmoja rafiki yangu, na ni swali la haki. Nilimjibu kwa majina mawili: MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018. Ile ya pili ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho, na wakafa zaidi ya 220. Sidai kwamba wote wangepona kwa kujua kuogelea. Chombo kikimgeukia mtu akiwa ndani, ufundi hausaidii sana. Lakini nchi yenye maji kiasi hiki, inayokuza watoto wasiojua kukaa juu ya maji kwa dakika kumi, inangoja msiba mwingine. Mpango wa matanga hauwezi kuanza bila kuogelea. Ukitafuta bingwa mmoja kati ya watoto elfu, umeshawaokoa mia tisa na tisini na tisa njiani, na hapo hujahesabu medali. Padri alinyamaza, kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe nimejifunza. Mapadri nao!

Basi nimalizie na nyumbani kwangu, nisije nikaonekana hodari wa kuwahimiza watoto wa wenzangu. Mwanangu anaishi Mtwara, na binti yake ana miaka tisa. Mtoto huyu alitaka kwenda na watoto wa jirani kujifunza kuogelea Mikindani. Mama yake alikataa, na aliyempa sababu ni mimi: ni mimi niliyewasimulia habari ya mdogo wangu kila mwaka, mpaka mto Ruvuma ukawa mtu wa ukoo. Nilifunga safari kwenda kuongea na mkwe wangu. Nilidhani nitahutubia kama kikaoni. Alinipa chai, akaniacha nimalize, kisha akasema kwa upole, "Baba, mtoto akizama, utakuja kunisomea hiyo hesabu ya Waaustria?"

Sikuwa na jibu. Tulikubaliana hivi: mtoto ataingia majini mahali ambapo mama anasimama chini, kamba kiunoni, na babu awepo. Kwa hiyo mara moja kila mwezi napanda basi. Mwalimu wake ni yule mwanafunzi wangu wa pikipiki, naye ana watoto wake wawili pamoja na wa majirani watano. Fundi mmoja wa mashua amekubali kutukatia sanduku la plaiwudi kwa vipimo nilivyomchorea. Amekwisha kunigombeza mara mbili kwamba pua ile butu ni aibu kwa mtu wa kazi yake, na kwamba akiulizwa atasema ameitengeneza kwa kulazimishwa. Tanga tunalo, limeshonwa kwa turubai jepesi. Makoti ya kuokolea yapo mawili na watoto ni wanane, hivyo hatujaruhusu mtu apande. Barua ya kuomba mengine sita niliipeleka kwa mkono ofisini, mwezi wa nne, nikasaini daftari la mapokezi na kuandika namba yake pembeni ya kalenda. Kila nikipita stendi naingia kuuliza. Wiki iliyopita yule karani aliponiona mlangoni alisimama kabla sijasema neno.